Orvieto, Assisi, San Gimignano au Civita: uende mji upi wa kilimani Italia?

Mama mdogo alipokuja kunitembelea Roma kutoka Morogoro, swali lake la kwanza kuhusu Assisi halikuwa la kaburi la Mtakatifu Fransisko. Aliuliza, "Mwanangu, huko juu kuna ngazi ngapi?" Magoti yalikuwa yakimsumbua tangu ashuke kwenye ndege, na picha alishaziona kwenye simu: nyumba za mawe zimebanana juu ya kilima, barabara inazunguka chini yake kama mkanda. Nilimjibu kwa kubahatisha. Leo ningemjibu vizuri zaidi, maana tangu siku hiyo nimepandisha wageni wengi kwenye miji hii, na nimeona kwamba picha hazimsaidii mtu kuchagua. Kwenye picha yote inafanana. Inatofautiana kwa mambo mawili: unaupandaje mji, na unakuwaje saa kumi na mbili jioni, mabasi ya watalii yakishateremka.

Nalinganisha minne ninayoulizwa zaidi: Orvieto na Assisi, zote za mkoa wa Umbria, San Gimignano ya Toscana, na Civita di Bagnoregio, kijiji kidogo cha Lazio kilicho jirani na Orvieto. Siena na Perugia nimeziacha kwa makusudi. Nazo ziko vilimani, lakini ni miji mikubwa inayohitaji siku zake yenyewe.

Wageni huniuliza pia kwa nini watu walijisumbua kujenga huko juu. Adui ni jibu moja. Jingine sisi tunalielewa haraka kuliko Wazungu wengi: mabondeni kulikuwa na maji yaliyotuama na homa. Neno malaria lenyewe ni la Kiitaliano, maana yake hewa mbaya. Watu waliikimbia hewa hiyo wakapanda.

Kupanda

Kwa asiye na gari, Orvieto haina mpinzani. Treni ya kawaida kutoka Roma Termini inachukua saa moja na robo hadi saa moja na nusu. Ukitoka stesheni, mbele yako kuna kituo cha gari la kamba, behewa linalovutwa kwa waya wa chuma juu ya reli hadi kileleni. Lilianza kazi mwaka 1888 kwa nguvu ya maji: behewa la juu lilijazwa maji, na likishuka kwa uzito wake linalivuta la chini lipande. Siku hizi ni umeme. Juu kuna basi dogo la kukufikisha karibu na mlango wa kanisa kuu. Mtu mwenye magoti mabovu anaweza kutoka Roma hadi kanisani bila kupanda mlima kwa miguu yake.

Assisi ni kama saa mbili kwa treni ya moja kwa moja, na nyingine unabadilisha Foligno. Stesheni yenyewe iko chini, Santa Maria degli Angeli, kilomita 4 hivi kutoka mjini, na basi la mji linapanda kutoka hapo. Shida inaanza ukishafika. Assisi haikukaa juu ya mwamba bapa kama Orvieto, imelala ubavuni mwa Mlima Subasio, kwa hiyo kila hatua ni kupanda au kushuka. Wengi wanateremka kituo cha kwanza karibu na Basilika ya Mtakatifu Fransisko, kisha wanajikokota kwenda juu mchana kutwa. Fanya kinyume. Baki ndani ya basi hadi Piazza Matteotti, juu kabisa, halafu uushuke mji taratibu, Basilika iwe ya mwisho. Hilo ndilo nililolifanya na mama mdogo mara ya pili. Mara ya kwanza nilimpandisha, na sikujisikia vizuri kumwona amejishika ukutani.

San Gimignano haina stesheni. Unafika Poggibonsi kutoka Firenze au Siena, kisha unapanda basi dakika 25 hivi hadi lango la Porta San Giovanni. Ndani mwinuko ni wa kawaida, si wa kutisha. Ila kutoka Roma kwenda na kurudi siku moja ni kujitesa, usikubali hata ukiambiwa inawezekana.

Civita ndiyo ngumu kuliko zote. Basi la kutoka Orvieto kwenda Bagnoregio linachukua kama saa moja, ni machache kwa siku, na Jumapili usiyategemee. Ukishuka Bagnoregio unatembea kama kilomita 2 kabla ya kufika kwenye daraja. Daraja ni la waenda kwa miguu, la zege, lilijengwa mwaka 1965, urefu wake mita 300 hivi, na sehemu ya mwisho inainuka kama paa la nyumba. Hakuna kivuli hata cha kusingizia. Mwezi wa Agosti saa saba mchana simshauri mtu mzima wala mtoto.

Na wenye gari je? Gari ni raha hadi unapofika langoni. Karibu miji yote hii imefunga barabara zake za ndani kwa magari ya wageni, ukiona kibao chenye duara jekundu na maneno "zona traffico limitato" juu yake, hapo kuna kamera. Mimi nilipita vibao viwili siku moja nikimfuata mtu mwenye gari la mwenyeji. Faini zilinifikia miezi kadhaa baadaye, na juu yake kampuni iliyonikodisha ilikata ada yake ya kutoa jina langu kwa polisi. Egesha nje ya kuta. Orvieto ina ngazi za umeme kutoka maegesho hadi mjini, kwa hiyo hupotezi kitu.

Orvieto: usisahau kushuka chini

Watu wengi wanakwenda Orvieto kwa ajili ya kanisa kuu lake, na wana haki. Kuta zake zina mistari ya mawe meusi na meupe kama punda milia, na uso wake wa mbele umejaa michongo na vigae vya dhahabu vinavyowaka jua likielekea kuzama. Lilianza kujengwa mwaka 1290, na limehifadhi kitambaa cha altare kinachosimuliwa kuwa kilipata matone ya damu huko Bolsena mwaka 1263, padre aliyekuwa na mashaka alipoinua hostia. Mwaka uliofuata Papa Urbano wa Nne, aliyekuwa akiishi Orvieto, alitangaza kutokea hapo sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo. Kwa hiyo yale maandamano ya Ekaristi yanayofunga barabara za parokia zetu kila mwaka, tangazo lake lilitoka juu ya mwamba huu. Ndani, ingia kanisa dogo la San Brizio upande wa kulia. Luca Signorelli alichora humo siku ya mwisho kati ya 1499 na 1504: mifupa inajichomoa ardhini, inavaa nyama, inasaidiana kusimama. Nimewaona watu wakiingia wanapiga soga na wakanyamaza mara moja.

Lakini kinachonirudisha Orvieto ni kisima. Mwaka 1527 majeshi ya mfalme Karoli wa Tano yaliiteka na kuipora Roma, na Papa Klementi wa Saba akakimbilia huku. Mwamba huu hauna maji juu yake. Akaogopa kuzingirwa akafa kwa kiu, akamwagiza msanifu Antonio da Sangallo Mdogo achimbe. Kikamalizika mwaka 1537, Papa mwenyewe akiwa ameshafariki. Kinaitwa Kisima cha San Patrizio, kina cha mita 53 hivi na upana wa mita 13, na kuna ngazi mbili zinazoizunguka nafasi ya katikati bila kukutana popote. Punda waliteremka kwa moja na mitungi mitupu, wakavuka kidaraja juu ya maji, wakapanda kwa nyingine wakiwa wamebeba. Hakuna punda aliyempisha mwenzake. Vidato ni 248 kushuka na 248 kupanda, vimejengwa vipana na vya chini kufuata mwendo wa mnyama, ndiyo maana hata mtu asiye na mazoezi anaviweza akipumzika kwenye madirisha. Madirisha ni 70, na ndiyo utamu wenyewe: unashuka huku unamwona mtu upande wa pili, sura yake wazi kabisa, anapanda, na hamwezi kukutana. Chini hewa ni ya baridi na mawe yana ukungu wa kijani. Chukua sweta hata kiangazi.

Chini ya nyumba kuna zaidi ya mapango 1,200 yaliyochongwa na watu tangu Waetruski, watu walioishi hapa kabla ya Warumi, kwa kuwa jiwe la tufo ni laini, ni majivu ya volkano yaliyogandamana. Ziara ya kuongozwa inakuonyesha vinu vya mafuta ya zeituni na kuta zenye vishimo mamia vya kufugia njiwa, kitoweo cha wakati wa kuzingirwa. Tiketi ya pamoja inayoitwa Carta Unica inafaa ukitaka kanisa, kisima na mapango pamoja.

Jioni Orvieto inabaki kuwa mji. Kuna wanafunzi, wazee kwenye mabenchi, duka la nyuzi na vifungo. Ni mji unaoishi, na kwangu hilo lina uzito mkubwa.

Assisi: si ya kupitia

Kama nyumbani mnamwita Fransisko wa Asizi kwenye litania, uamuzi umeshafanyika na hauhitaji ushauri wangu. Nitasema tu kaa usiku mmoja, ikiwezekana miwili. Asubuhi saa tatu hadi alasiri saa kumi, njia ya Basilika inajaa vikundi vyenye bendera. Kabla na baada ya hapo unasikia viatu vyako mwenyewe.

Fransisko alifariki mwaka 1226, akatangazwa mtakatifu 1228, na mwaka huohuo ujenzi wa Basilika ukaanza. Ni makanisa mawili, moja juu ya jingine. La juu lina mwanga na lina picha 28 za maisha yake ukutani, ambazo kwa kawaida huhesabiwa kuwa kazi ya mchoraji Giotto. La chini lina giza, na chini yake zaidi kuna kaburi, jeneza la jiwe lililofungwa kwa vyuma, lilifichwa vizuri kiasi kwamba halikupatikana hadi 1818. Hapo mama mdogo alikaa karibu saa nzima. Ukiwa ndani ya kanisa la juu, inua macho utazame dari: tarehe 26 Septemba 1997 tetemeko la ardhi liliangusha sehemu yake na kuua watu wanne waliokuwa ndani, mabradha na mafundi. Mafundi wengine walikusanya vipande vya michoro kimoja kimoja, maelfu kwa maelfu, wakavirudisha walivyoweza. Palipobaki wazi pameachwa wazi. Napenda walivyofanya hivyo.

Basilika haina kiingilio. Mabega na magoti yafunikwe, na hapa kanga moja ndani ya mkoba inamaliza kazi. Santa Chiara usiikose, maana ndiko uliko ule msalaba wa San Damiano, aliousali mbele yake Fransisko, ambao nakala zake zimo kwenye nyumba nyingi za Wafransisko, hata kwa Wakapuchini wetu walioingia Dar es Salaam mwaka 1921. Vijana wanauliza kaburi la Carlo Acutis, aliyetangazwa mtakatifu Septemba 2025: liko Santa Maria Maggiore, kanisa lile lile linalokumbuka Fransisko alivyovua nguo na kumrudishia baba yake.

Na asiye Mkristo? Nimempeleka rafiki Mwislamu wa Unguja, na alifurahia mno, ila kwa ajili ya mji. Mawe ya Subasio yana rangi ya waridi iliyofifia, na jua la jioni likipiga nyumba zinakuwa kama mkate uliotoka tanuri. Alifurahi pia kugundua kwamba Assisi na Mji Mkongwe wa kwao ziliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka mmoja, 2000. Alilalamika duka la vinyago vya plastiki kila mlango wa pili, na alikuwa sahihi. Ukitoka njia kuu hatua hamsini, yanaisha.

San Gimignano: kama hulali, usiende

Naandika hivyo kwa sababu naupenda. Mji huu ulikuwa na minara 72, imebaki 14. Ilijengwa na koo tajiri zilizoshindana nani yuko juu, hadi serikali ya mji ikaweka sheria kwamba mnara wa mtu binafsi usizidi ule wa jumba la mji. Utajiri ulitoka kwenye njia ya mahujaji ya Via Francigena iliyopita hapa, na kwenye zafarani, ileile tunayoiweka kwenye pilau na biriani, ambayo bado inalimwa vilimani hapa. Kisha tauni ya 1348 ikawamaliza watu, na mwaka 1353 mji ukajisalimisha kwa Firenze. Hapakuwa tena na fedha za kubomoa na kujenga upya. Umaskini ndio uliouhifadhi.

Mchana njia ya kutoka Porta San Giovanni hadi Piazza della Cisterna inajaa kiasi kwamba unatembea kwa mwendo wa aliye mbele yako. Torre Grossa, mnara wa mita 54, unapandika, na ukiwa juu unaona mashamba ya mizabibu pande zote, ila foleni yake inachosha. Saa moja usiku kila kitu kinabadilika. Uwanja wenye kisima unabaki na watu kumi, paka wawili, na minara inayoonekana kuwa mirefu zaidi gizani. Aliyekuja kwa basi la mchana hajauona mji huu, ameona maduka yake.

Civita: nusu siku, pamoja na Orvieto

Waitaliano wanauita mji unaokufa. Mwamba wake wa tufo umekaa juu ya udongo wa mfinyanzi, mvua inaula udongo, na kingo zinamomonyoka na nyumba zake. Tetemeko la 1695 liliharakisha kuhama kwa watu. Wakazi wa kudumu leo unaweza kuwahesabu kwa vidole vya mikono na miguu. Ada ya kuingia ilianza mwaka 2013 kwa euro 1.50, sasa ni euro 5, na fedha zake zinasaidia eneo zima.

Ni pazuri kwa namna inayotia huzuni. Nyuma ya lango kuna ukuta wenye madirisha, na ndani ya madirisha kuna mbingu tu, nyumba iliyokuwa nyuma yake ilishaanguka. Nilisimama pale muda mrefu. Lakini baada ya saa moja na nusu umemaliza, na saa za katikati ya mchana daraja linafanana na foleni ya kivuko cha Kigamboni. Isiwe sababu ya safari yako. Iwe asubuhi ya siku ya pili ya Orvieto.

Kula

Hapa lazima niwe wazi kwa wasiokula nguruwe. Umbria ni nchi ya nguruwe: nyama zilizoning'inizwa madukani, porchetta kwenye mikate, nguruwe mwitu kwenye mchuzi wa tambi. Hata maharage yanaweza kupikwa na kipande chake, na baadhi ya mikate ina mafuta yake. Jifunze kuuliza maneno mawili, "maiale", nguruwe, na "strutto", mafuta yake. Chakula cha kukimbilia ni torta al testo, mkate bapa unaochomwa juu ya bamba la moto kama binamu wa chapati, ujazwe mboga za majani na jibini. Kuna pia supu ya adesi, na tambi nene za umbricelli kwa tartufo, uyoga wa ardhini wenye harufu usiyoisahau. Toscana ina ribollita, supu ya kabichi nyeusi, maharage na mkate. Mkate wa kawaida sehemu zote mbili hauna chumvi, hawajasahau kuitia. Migahawa ya kukaa huongeza "coperto", euro chache kwa kila kichwa, si wizi.

Kwa bei ya vyumba, San Gimignano huwa juu. Assisi ina nyumba nyingi za masista wanaopokea wageni kwa bei ya kawaida, uliza saa za kufunga lango kabla ya kulipa. Miezi mizuri ni Aprili hadi mapema Juni, na Septemba hadi Oktoba. Anza viza mapema: ada ya Schengen ni euro 90, na bima lazima ifikie euro 30,000. Begi lako liwe la mgongoni, magurudumu hayapendi mawe haya.

Basi, nani aende wapi

Una siku moja tu kutoka Roma: Orvieto, bila kusita. Una mzee au mtoto wa kubebwa: Orvieto tena. Ni hija, au unataka kukaa kimya siku mbili: Assisi, na uanzie juu. Unakaa Firenze au Siena na una usiku wa ziada: San Gimignano, ufike saa kumi jioni, uondoke asubuhi baada ya chai. Civita nayo mpe anayependa kupiga picha, mwenye miguu, na ambaye ameshalala Orvieto.

Mama mdogo alikuja tena mwaka jana. Nilimtajia miji yote minne, nikamweleza kisima na vidato vyake 248. Akanyamaza kidogo. "Hao punda," akauliza, "walikuwa wanapumzika wapi?" Nikamwambia kwenye madirisha, mama, sidhani kama kuna kwingine. Akasema basi na yeye atapumzika kwenye madirisha. Alifika chini, akagusa maji, na tukatumia dakika arobaini kupanda.